Jumatano Ishirini na Saba

...na kalamu yenyewe imefungwa uzi kwenye mguu wa meza kama mbuzi, eti wageni wasiondoke nayo, mzee mzima wa miaka hamsini na mbili anadhaniwa ataiba kalamu, na kiti walichompa ni cha mwanafunzi, magoti yamemjia kifuani, ukimtazama utasema yeye ndiye aliyekosa masomo, na mwalimu mkuu ng'ambo ya meza amejaa tele kwenye kiti cha kuzunguka, anasema, "Soma taratibu, mzee, ukimaliza utie sahihi pale chini," kana kwamba hajui kusoma, yeye ambaye kusoma ndiyo kazi yake, majina mia nne na kumi kila asubuhi kabla bati la kiwanda halijapata joto, na karatasi hii amekwisha kuisoma mara tatu, na mara zote tatu macho yamekwama palepale, mimi mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu nakiri kwamba nilijulishwa kuhusu utoro wa mwanangu na sikuchukua hatua, nilijulishwa, nilijulishwa na nani, lini, kwa mdomo upi, waseme, wamlete huyo aliyemjulisha asimame hapa mlangoni waonane macho kwa macho... na sikuchukua hatua, yeye asichukue hatua, yeye ambaye miaka kumi na tisa hajakosa kazini hata siku moja, hata wiki ile aliyomzika mama watoto, alizika Jumapili na Jumatatu saa kumi na mbili na nusu alikuwa getini, watu wakamwambia rudi nyumbani, Kibati, pumzika, akawauliza nyumbani kuna nini, akaendelea na kazi yake, halafu leo kijana wa juzijuzi mwenye tai ya mistari anamwekea karatasi mbele akiri kwamba yeye ni mzembe, akiri kwa mkono wake mwenyewe, aweke na tarehe.

"Kumleta mtoto shule ni wajibu wa mzazi, mzee," mwalimu mkuu anasema, "sisi huku tunafundisha aliyefika, asiyefika hatuna dawa yake," na sauti yake ni ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayohayo mara tano tangu asubuhi, yamelainika kama ngazi iliyokanyagwa na wengi, "siku thelathini jina linatolewa kwenye orodha ya mtihani, hapo hakuna mjadala, hata awe mwanangu mimi, binti yako ana ishirini na saba, na kuanzia ishirini mzazi anatia sahihi kwamba anabeba dhamana, ndiyo karatasi hiyo, na orodha inaondoka leo saa sita kamili, usipotia sahihi simwandikishi, atarudia mwaka," atarudia mwaka, anasema hivyo kama mtu anayesema kesho kutanyesha, Bi Mkubwa arudie mwaka, binti wa miaka kumi na saba anayeshika funguo zote za nyumba, ndiyo maana baba yake akamwita Bi Mkubwa, utani ulioanza wiki ile ya msiba na ukaota mizizi, kwa sababu ndani ya nyumba ile ukitaka chumvi unamwuliza yeye, ukitaka soksi unamwuliza yeye, na madaftari yake ameyajalidi kwa magazeti, kila somo na rangi ya uzi wake, na huyo ndiye mtoro, huyo, basi kama huyo ni mtoro hakuna mwanafunzi duniani, wafunge shule wafuge kuku... "Mwalimu," anasema kwa sauti aliyoishika shingoni isije ikamtoroka, "mwanangu anakuja shule kila siku," na mwalimu mkuu anatabasamu, tabasamu la huruma, hakuna kitu kinachomchefua mtu mzima kama kuhurumiwa na mtu aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini, "Umejuaje, mzee? Wewe unatoka nyumbani saa ngapi?" Saa kumi na moja alfajiri, anatoka saa kumi na moja, na hiyo si aibu, ni kazi, watu wa zamu ya asubuhi wanataka geti liwe limefunguliwa na ubao umewekwa, "Na unarudi?" Saa moja jioni, "Kwa hiyo huyu binti umemwona akija shule siku ngapi kwa macho yako?" Loo, maswali ya mtego haya, anayajua, yeye mwenyewe huwauliza wachelewaji maswali ya namna hii, anajibu, "Sare. Kila jioni naikuta sare yake imefuliwa, iko kambani, inachuruzika maji. Sare haichafuki kwa kukaa nyumbani," na mwalimu mkuu anacheka, si sana, puani tu, "Sare kufuliwa si mahudhurio, mzee wangu," na kule pembeni, karibu na kabati la chuma, mwalimu wa darasa, mwanamke mwembamba aliyebeba madaftari hadi kidevuni, hacheki.

Si mahudhurio, aambiwe yeye mahudhurio ni nini, yeye, waulize kiwanda kizima cha sabuni mahudhurio ni nini watakwambia mwulizeni Kibati, kwa sababu pale getini kuna ubao wenye misumari mia nne na kumi, na kila msumari una kibati chenye namba, ukiingia unachukua kibati chako unakwenda nacho, na ikifika saa kumi na mbili na nusu yeye anafunika ubao kwa kifuniko cha mbao na kufuli, kibati kilichobaki msumarini ni mtu ambaye hayupo, hata kama amesimama pale nje anapumua, hata kama anaapa kwa marehemu wote wa ukoo wao, hayupo, anaandikiwa msalaba, na wanamwita Kibati, wanamwita Moyo wa Bati, kuna mpakiaji mmoja wa maboksi alimwambia, "We mzee, siku ya kufa kwako malaika akichelewa utamfungia geti," wakacheka wote, akacheka na yeye, akamwandikia msalaba, kwa sababu mahudhurio ni kitu unachokishika mkononi, si hadithi, ndiyo maana na nyumbani aliweka utaratibu, hawezi kukaa kumlinda mtoto lakini anaweza kuhesabu, sare imelowa, mtu alikwenda, sare kavu, mtu hakwenda, na mwaka mzima hajaikuta kavu hata mara moja, huo ndio ushahidi, sasa wao wana ushahidi gani... "Tulikuandikia barua tatu," mwalimu mkuu anasema, na hapo damu inampanda, "Mlimpa nani hizo barua?" "Tulimpa binti akuletee," eti walimpa binti! Walimpa mshtakiwa hati ya mashtaka aipeleke mwenyewe, jamani, hata kiwandani pale wanapowasema kwamba hawana akili, barua ya onyo hapewi mfanyakazi, anapewa msimamizi wake na anatia sahihi kwamba ameipokea, kitabu kipo, ukurasa upo, "Na simu tulipiga," "Mlipiga saa ngapi?" "Mchana," mchana simu zote za kiwanda ziko ndani ya sanduku getini, yeye ndiye anayeyafunga masimu ya watu, na ya kwake humo humo, ya kwanza chini kabisa, ili mtu asiseme Kibati anajipendelea, kwa hiyo hiyo ndiyo wanaiita kujulishwa, barua isiyofika na simu isiyolia, halafu aandike nakiri, nakiri nini, hapana, hatii sahihi, hatii, watamtoa kwenye kiti hiki cha mtoto kwa machela.

"Nataka kuona rejista," anasema, na mwalimu mkuu anamtazama mwalimu wa darasa, naye anayatua madaftari juu ya kabati polepole mno, polepole kuliko uzito wake, anasema, "Rejista ni ndefu, mwalimu, labda nimsomee," na mwalimu mkuu, "Ah, mpe aone mwenyewe, ni haki yake," na daftari kubwa la kijani linawekwa mezani, kurasa zimenyanyuka pembe kwa vidole vya mwaka mzima, na mara tu linapofunguliwa mbele yake kitu fulani mabegani kinatulia, kwa sababu sasa yuko kwake, haya ndiyo maji yake, mistari na miraba na tiki na misalaba, wanaweza kumkalisha kwenye kiti cha mtoto lakini hapa hakuna anayemfundisha kitu, anashuka na kidole kwenye majina, analipata la kwake, ukoo wake umeandikwa kwa herufi nzuri, anatembea nalo kwenda kulia... tiki, tiki, msalaba, tiki, tiki, tiki, tiki, msalaba, tiki, tiki, na misalaba imesimama nafasi sawa kama nguzo za uzio, wiki baada ya wiki, mraba uleule, na anataka kucheka, anataka kupiga meza acheke, kwa sababu amewakamata, huu si utoro, huu ni uandishi, utoro wa kweli anaujua, umetawanyika kama mchele uliomwagika, leo mtu anaumwa, kesho kutwa amelewa, wiki ijayo mvua imeng'oa daraja, mtu wa kweli hakosi kwa mstari, anayekosa kwa mstari ameandikwa na karani mvivu, aliona hivyo miaka saba iliyopita, msimamizi wa idara ya kukatia sabuni aliyekuwa hapendi kuamka Jumamosi, akawa anajaza Jumamosi zote siku moja, akikaa mgahawani, anaowapenda tiki, anaowachukia msalaba, na ni nani aliyemfichua kama si yeye, kwa kutazama tu, alitazama mstari ulivyonyooka akasema huyu hakuhesabu watu, huyu alikuwa anachora... "Zote ni Jumatano," mwalimu mkuu anasema kutoka mbali, "ndilo jambo lililotushangaza, Jumatano kuna nini kwenu, mzee?" na yeye hasikii, au anasikia kama unavyosikia redio ya jirani, neno linapita na njia yake, yeye anatafuta, kwa sababu aliyefanya kazi hii anajua kwamba mwongo wa rejista hakosi kuacha mahali pamoja ambapo uongo umepingana na dunia, tafuta siku moja tu, siku moja unayoijua kwa hakika, ukiipata hiyo, daftari zima linaanguka.

Na anaijua, mwezi wa tano tarehe kumi na nne, ataisahau vipi, ndiyo siku pekee katika miaka kumi na tisa aliyoondoka getini kabla ya wakati, si kukosa, alikuwa amekwisha kufunika ubao, lakini aliondoka, saa nne asubuhi simu ya ofisi ililia, Bi Mkubwa upande wa pili akisema, "Baba, Kidoti amemeza kifungo," Kidoti ni yule mdogo, wa miaka mitatu, mwenye alama nyeusi juu ya mdomo kama amedonolewa na kalamu, na akakimbia, mzee wa watu, akakimbia na koti la kazi, akamkuta Kidoti amekaa juu ya meza anachezesha miguu, mzima wa afya, anasema, "Baba, tumbo langu lina shati," na daktari akasema subirini tu kitatoka chenyewe, kikatoka kesho yake, na Bi Mkubwa siku ile alikuwa nyumbani, ndiyo, alikuwa nyumbani saa nne ile, amevaa sare na amejifunga kipande cha shuka kiunoni, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, akasema, "Tumeruhusiwa mapema, baba, walimu wana kikao," na baba akasema bahati nzuri... basi tarehe kumi na nne, kidole kinakwenda, mwezi wa tano, kinashuka, kinasimama, na pale pana tiki. Tiki! Alikuwepo! Mtoto aliyekuwa nyumbani akifua, rejista inasema saa nne alikuwa darasani, na kuruhusiwa mapema isiwe kisingizio, tiki ni ya kutwa nzima, na mraba hauna saa ya kutoka, wamekwisha, hawa wamekwisha, karatasi yao wataitafuna, "Mwalimu mkuu," anasema, na sauti inatoka pana, ile ya getini, "hebu njoo utazame hapa," na mwalimu mkuu anaanza kuinamisha kiti chake cha kuzunguka kwa mbele, na ni hapo mwalimu wa darasa anapopiga hatua moja kutoka kabatini, hatua moja tu, anatazama kidole kilipo, halafu anamtazama yeye usoni, "Hapo alikuwepo, mzee," anasema taratibu, "siku hiyo alikuwepo," na anaongopa, anaongopa waziwazi, na anajua kwamba yeye anajua, na hapepesi macho, amekaza macho kama mtu aliyeegemea mlango kwa ndani, akimwomba asiusukume.

Na kidole hakisogei... na kwa nini amwombe, mwongo aliyekamatwa hukasirika, au hucheka, au hulaumu wino, huyu haombi kwa ajili ya nafsi yake, anamwombea nani, na sasa, kwa sababu macho yamezoea kazi yao na hayangoji amri, anaiona tiki yenyewe, anaiona kweli, tiki nyingine zote za ukurasa ni za bluu, za harakaharaka, zimelala kwa mbele kama watu wanaowahi basi, na hii ni nyeusi na imesimama wima, hii si ya mtu mvivu, hii ni ya mtu aliyefikiri kwanza, na ipo nyingine kama hii mwezi wa pili, na nyingine mwezi wa sita, mbili mwezi wa nane, tano, tiki tano nyeusi, zote kwenye mraba uleule wa misalaba, nguzo tano zimeng'olewa kwenye uzio, na kichwa chake, ambacho hakijui kukaa bila kujumlisha, kinajumlisha, ishirini na saba na tano ni thelathini na mbili, thelathini jina linatoka, hapo hakuna mjadala, hata awe mwanangu mimi... na yeye amemwita mwalimu mkuu aje atazame, amemwita kwa sauti ya getini, "Nini, mzee?" mwalimu mkuu anauliza, "kuna nini hapo?" na jasho linamtoka nyuma ya masikio, "Nilikuwa nasema," anasema, "nilikuwa nasema mwandiko ni mzuri," na mwalimu mkuu anaguna na kurudi kwenye mgongo wa kiti, "Mwandiko, mzee? Saa tano na dakika arobaini hizi, unanionyesha mwandiko?" na mwalimu wa darasa anavuta pumzi, anarudi kwenye madaftari yake, anaanza kuyapanga yaliyokwisha kupangwa.

Jumatano, alisema Jumatano, Jumatano kuna nini kwenu... Jumatano hakuna kitu, Jumatano ni siku kama siku, Kidoti anashinda kwa Shangazi Ukuta, ndivyo wanavyomwita jirani wa chumba cha pili kwa sababu salamu zake zote hupitia ukutani, anagonga mara mbili anasema mmeamkaje, mama mzuri, miguu inamvimba, anamshika Kidoti kuanzia asubuhi hadi Bi Mkubwa arudi kutoka shule, kila siku, kila siku isipokuwa... na hapo ndipo linapokuja, halikuitwa, linakuja na harufu yake ya mafuta ya taa na chai, mwanzo wa mwaka, jioni, yeye amekaa na vibati vipya thelathini kwenye beseni, anavisugua, Bi Mkubwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, anasema, "Baba, Shangazi Ukuta amesema kliniki yake wameihamishia Jumatano, kila Jumatano, na ni kutwa nzima, sasa nilikuwa nauliza Kidoti siku hiyo..." na yeye hakuinua kichwa, hakuinua, akasema lile neno lake la getini, ambalo watu mia nne na kumi wanaliigiza kwa mdomo wa kubana, "Sitaki maelezo, nataka mahudhurio," akasema kwa mzaha, wallahi kwa mzaha, hata akatabasamu na lile beseni, akingoja acheke, kwa sababu huwa anacheka, na hakucheka, akasema, "Sawa, baba," akarudi kwenye vyombo, na hilo likaisha, likaisha kweli, hakuuliza tena, na yeye hakuuliza tena, aliyejulishwa ni nani basi, huyu hapa, alijulishwa, alijulishwa na sauti aliyoizaa mwenyewe, amesimama hatua tatu kutoka kwake na kitambaa mkononi, kwa hiyo karatasi yao ya kipuuzi, walioichapa bila kumjua, inayosema uongo kuhusu barua na kuhusu simu, imesema kweli, na hakuna kinachomkera kama hicho, kwamba hawa watu wamepata jibu sahihi kwa hesabu isiyo sahihi... na sare, Mungu wangu, sare, kila Jumatano aliivaa asubuhi na kuifua jioni, aliiloweka, akaianika, ikachuruzika, kwa sababu aliishi na karani na alijua karani anahesabu nini, akampa kibati chake akishike, na yeye akakishika, akala, akalala usingizi mzuri. Na Kidoti kule mezani wiki iliyopita akihesabu kwa vidole, haidrojeni, heli, lithi, yeye akacheka hadi akapaliwa, akamwuliza nani amekufundisha haya wewe, akasema, "Dada, tukiwa tunaosha," tukiwa tunaosha, alidhani ni Jumapili.

"Mzee, tunasubiri," na huyu mwanamke mwembamba aliuliza, lazima aliuliza, siku moja baada ya kipindi alimwambia kaa hapa uniambie Jumatano huwa uko wapi, swali la maneno saba, halina gharama, halihitaji ubao wala kufuli, halafu akachukua kalamu nyeusi akaiweka kazi yake rehani, mara tano, pengine mara tano ndizo alizothubutu, na yeye dakika tatu zilizopita alitaka kumpeleka mbele ya mkubwa wake kama alivyompeleka yule wa Jumamosi, ambaye yeye kwa kweli hajawahi kujua ni nini kilichomfanya asiamke Jumamosi, hakuwahi kumwuliza, alifurahi tu kwamba mstari ulikuwa umenyooka... anaweka kalamu kwenye mstari wa sahihi, mkono ni mzito lakini si kwa hasira ile ya kwanza, hasira ipo, ipo sana, imegeuka tu inatazama upande mwingine, anatia sahihi, jina zima, na tarehe, na mwalimu mkuu anasema, "Vizuri, sasa geuza, kuna nyuma," anageuza, na nyuma kuna neno moja, sababu, na chini yake mistari miwili, miwili mitupu, mifupi, "Andika tu uzembe," mwalimu mkuu anasema kwa wema, anatazama saa ya mkononi, "wengi huandika hivyo, uzembe wa mwanafunzi, ni neno fupi na hakuna atakayeuliza," na damu inampanda upya, uzembe, uzembe wa nani, wa mtoto aliyeamka Jumatano thelathini na mbili akavaa sare ya shule asiyokwenda, akafua, akapika, akamfundisha mtoto wa miaka mitatu hewa nyepesi kuliko zote, kisha Alhamisi akarudi darasani akaazima daftari la mwenzake, na asiseme neno, asilie, asimlaumu mtu, huyo aandikiwe uzembe na baba yake, kwa kalamu hii, hapana, "Hapana," anasema, na mwalimu mkuu anasema, "Hapana nini tena, mzee, umekwisha kutia sahihi," na ni kweli, amekwisha, jina la Bi Mkubwa liko salama kwenye orodha, kilichobaki ni mistari miwili ambayo pengine hakuna mtu ataisoma, na anaitazama, anaandaa la kuandika, anataka aieleze siku hiyo kama ilivyo, kuanzia asubuhi, saa kwa saa, kama anavyoweza kukueleza mtu yeyote wa kiwanda aliingia dakika gani na alikuwa amevaa viatu gani, na anagundua hawezi, kwamba zaidi ya povu lile hadi kwenye viwiko hajui kitu, Jumatano nzima ni nyeupe, hajui wanakula nini mchana, hajui wakigongewa mlango wanafungua au wananyamaza, wala sare ile inaloweshwa saa ngapi ili ifike jioni bado inachuruzika, saa sita inakaribia na mwalimu mkuu anagonga meza kwa kidole, na yeye ameinama juu ya ile mistari, hajaandika hata herufi, anajiuliza Kidoti hulala saa ngapi mchana, na kama, akishalala, yule mwingine hupata nafasi ya kufungua kitabu.